Hadithi hupikwa mchana: mwongozo kamili wa kumtungia mtoto hadithi zake mwenyewe

Hadithi ya kwanza niliyomtungia binti yangu haikufika hata dakika mbili. Ilikuwa ya Sungura aliyekataa sukuma wiki mpaka miguu ikamlegea, na Fisi yuko njiani. Kabla Fisi hajabisha hodi, mtoto aliweka kijiko chini akaniangalia. "Baba, huyo Sungura ni mimi." Nikakosa la kusema. Akaisukuma sahani, akashuka kitini. Alikuwa na miaka minne.

Kosa langu lilikuwa wazi hata kwake: nilikuwa namgombeza kwa kupitia mlango wa nyuma, nikauita mlango huo hadithi. Sasa ana miaka tisa, na mdogo wake wa kiume amefika umri ule ule wa kukataa mboga. Tunaishi Githurai, pembezoni mwa Nairobi, ghorofa ya tatu, mimi na mama watoto, hao wawili, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Nafika saa moja na nusu jioni Thika Road ikinihurumia, saa mbili na nusu isiponihurumia. Muda wangu wa hadithi ni dakika 7. Nikijikaza sana, 10. Mwongozo huu ni wa nyumba ya namna hiyo.

Nilichojifunza katika miaka hiyo ni kwamba hadithi ya mtoto hupikwa mchana. Usiku ni kupakua tu. Mzazi anayeketi kitandani saa tatu usiku, kichwa kitupu, akijiuliza "nimwambie nini leo?", ameingia jikoni wageni wakiwa wameshanawa mikono.

Hatua ya kwanza: okota vitu vitatu

Ukimuuliza mtoto "Shule ilikuwaje?" atajibu "sawa", na mazungumzo yamekatika kama simu iliyoishiwa salio. Uliza swali lenye ncha. Nani alilia leo? Nani alimwaga uji? Mwalimu alicheka wakati gani? Kuna aliyekuja bila sweta? Swali la aina hii halimwombi mtoto atoe ripoti. Linamwomba umbea, na umbea watoto wanao tele.

Katika majibu yake, na katika unayoyaona mwenyewe, tafuta vitu vitatu: kitu cha kushikika, sauti, na kikwazo.

Kitu kinaweza kuwa zipu iliyokwama, mtungi wenye mfuniko wa rangi tofauti, maua ya zambarau ya jakaranda yaliyotapakaa njiani mwezi wa Oktoba, au kumbikumbi waliojaa chini ya taa baada ya mvua ya kwanza. Sauti zimejaa jijini hadi kero: konda akigonga bodi la matatu, kipaza sauti cha muuza mayai kinachorudia maneno yale yale, maji yakianza kuingia kwenye tangi siku ya zamu yetu ya maji. Kikwazo ndicho cha kukitafuta kwa makini. Kiwe kidogo. Simaanishi jambo la kumpeleka mtoto kwa daktari. Namaanisha kitu kilichomkwaruza siku hiyo. Hakuchaguliwa kwenye mchezo. Rafiki amepata mkoba mpya. Alitaka kuuliza swali, akaogopa.

Usijivunie kumjua mtoto wako kupita watu wote. Kwetu dada ndiye anayeshinda naye kuanzia saa tisa mchana, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba binti yangu huiambia zipu "pole" kabla ya kuivuta. Mlinzi wa getini naye ana habari zake. Waulize.

Mimi hurekodi vitu hivyo kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, kwa sauti ya chini, maneno matatu tu: "zipu, mwewe, hakuuliza." Abiria wa kando akinitazama vibaya, namwacha atazame.

Hatua ya pili: amua nani anaingia hadithini

Hapa umri ndio unaoamua. Mtoto wa miaka miwili au mitatu mtaje kwa jina lake halisi na umsimulie siku yake ilivyokuwa. "Asubuhi uliamka, ukatafuta kiatu, kiatu hakipo..." Kwake hilo ni ajabu tosha. Hahitaji zimwi.

Kuanzia miaka minne au mitano hivi, jina lake linaanza kumbana. Akitajwa yeye, anajua anatazamwa, kama nilivyogundua kwenye sukuma wiki. Mtafutie wa kumwakilisha, mtoto wa kubuni anayeishi karibu sana lakini si hapa hapa. Wetu anaitwa Pendo. Jengo letu lina ghorofa nne, na Pendo anaishi ya tano. Nilipolisema hilo mara ya kwanza, binti yangu alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akauliza, "Sasa yeye hupanda ngazi gani?" Nikajua nimepata mtu wa kukaa naye miaka.

Na wanyama je? Ngano zetu zimejaa Sungura, Fisi na Kobe, na sitaki kumwondoa yeyote kati yao. Lakini kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto wa mwaka 2017 ambao ulinifikirisha. Watoto wa miaka 4 hadi 6 walisomewa hadithi ya kugawana. Waliosomewa yenye wahusika binadamu waligawa zaidi baadaye kuliko waliosomewa hadithi ile ile yenye wanyama wanaovaa nguo na kuongea. Mimi nimeamua hivi: hadithi ya kicheko nampa Sungura, ila ikigusa jambo la nyumbani au la darasani, namwita Pendo.

Pendo asiwe malaika. Huchelewa, hupoteza rula, mara moja alidanganya kuhusu sukari. Mhusika anayefanya kila kitu sawa ni yule binamu ambaye mama zetu walitulinganisha naye, na hakuna aliyempenda.

Kama una watoto wawili kitanda kimoja, onyo: watahesabu. Mwanangu mdogo, wa miaka minne, huhesabu mara alizotajwa. Nilijaribu kusawazisha majina nikashindwa, sasa nagawa kazi. Mmoja ndiye mwenye sauti zote za magari, mwingine ndiye anayeamua kama mlango unafunguka. Malalamiko yamepungua; kuisha hayajaisha.

Hatua ya tatu: panga mifupa

Mifupa ni hii: siku ya kawaida, kitu kimoja kinageuka kuwa cha ajabu, mhusika anajaribu mara mbili na kushindwa, kisha unamwachia mtoto jaribio la tatu, halafu mnarudi nyumbani. Usiongeze. Nikupe ile ya zipu, mwewe na hakuuliza, kama nilivyoisimulia binti yangu akiwa na miaka sita. Mwewe aliingia kwa sababu siku hiyo shuleni alimnyakulia mtoto andazi mkononi. Yeyote aliyewahi kula nje Nairobi anamjua ndege huyo.

Hapo zamani za Jumanne iliyopita, palikuwa na msichana aitwaye Pendo, wa ghorofa ya tano katika jengo la ghorofa nne. Asubuhi hiyo alikuwa na andazi moja mkononi na mkoba wenye zipu iliyokwama. Akaiambia zipu, "Pole." Zipu ikafunguka. Alipofika steji, mwewe akashuka, fyuuu! Akalipita andazi, hakuligusa. Alichukua sauti ya Pendo, akaondoka nayo.

Pendo akapanda matatu. (Hadithini mtoto wa miaka sita hupanda matatu peke yake, ni moja ya raha za hadithi.) Gari lilipokaribia Roysambu akafungua mdomo aseme "nashuka". Hakikutoka kitu. Roysambu ikapita. Akajaribu kupiga mluzi, ukatoka upepo mtupu. Allsops ikapita. Mara akamsikia konda akigonga bodi, ko-ko! Gari likasimama. Pendo akakumbuka ana mkono. Pangani ilipofika akagonga, ko-ko! Gari likasimama, akashuka. Akatazama juu ya nguzo ya taa. Mwewe yuko pale, na ndani ya kiota sauti yake inajiimbia yenyewe.

Nikanyamaza. "Sasa, mama, Pendo hana sauti, na mwewe hatoi kitu bure. Afanye nini?"

Alifikiri kwa muda mrefu nikadhani amelala. "Angempa nusu ya andazi," akasema. "Nusu abaki nayo. Sauti ikirudi, Pendo amwambie ahsante, ndiyo mwewe ajue hiyo sauti ni ya nini."

Mimi nisingeweza kuitunga hiyo.

Tazama nilichokiacha. Hakuna mwalimu mle ndani, wala darasa, wala kuinua mkono. Na nisikudanganye, kesho yake hakuinua mkono darasani. Lakini Alhamisi alirudi akamwambia dada, "Leo sauti yangu ilikuwa kwa mwewe." Kumbe mwalimu alikuwa ameuliza swali, jibu alilijua, likamkwama kooni. Kabla ya hapo siku kama hiyo ilikuwa inaishia kwa neno "sawa". Hadithi ilikuwa imempa jina la kuliitia jambo lake.

Ndiyo maana nakuomba, ukimaliza usiulize, "Hadithi hii inatufunza nini?" Swali hilo lina mahali pake kwenye karatasi ya ufahamu, na huko litabaki miaka mingi. Kitandani linaua.

Hatua ya nne: simulia

Fungua kwa mlango unaojulikana. Paukwa! Pakawa! Sahani! Ya mchele! Giza! La mwizi! Mtoto aliyekuwa anarukaruka hutulia, kwa sababu ana zamu ya kujibu. Kisha ongeza ya nyumbani kwenu. Sisi tuna "Msongamano!" na wao hujibu "Wa Pangani!" Nikisema "Mtungi!" wanajibu "Wa maji ya Jumatano!" Waachie watoto watunge ya kwao, na ukubali hata ya kipuuzi. Ya mdogo wetu ni "Soksi!" na jibu lake ni "Moja!"

Kosea makusudi. Sema Pendo anaishi ghorofa ya nne, uone watakavyokurukia. Anayekusahihisha amesikiliza. Nyamaza mahali pa hatari, uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Kimya hicho kitakuwia kirefu wewe kuliko wao. Sauti za wahusika zisikuumize kichwa. Inatosha mmoja aongee polepole na mwingine haraka.

Lugha iwe ile mnayoongea. Nyumba nyingi za hapa zina Kiswahili, Kiingereza, lugha ya shosho (bibi) na Sheng kwenye chungu kimoja, na mtoto haumii. Shosho wetu yuko Murang'a. Jumapili tunampigia simu, tukaiweka juu ya mto, naye anaimba ule wimbo wa katikati ya hadithi kwa Gikuyu. Watoto hawaelewi kila neno, ila wanaimba naye.

Wala si lazima kuwe usiku. Hadithi nzuri kuliko zote za mama watoto hutoka akisukuma chapati, kwa sababu mikono ina kazi na hakuna anayemkodolea mtu macho. Foleni ya kliniki inafaa. Stima zikipotea, usikimbilie simu mara moja.

Hatua ya tano: za kweli

Kuna aina nyingine ambayo haihitaji kutunga chochote, nayo ndiyo wazazi huisahau: hadithi za kweli za ukoo. Wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliandaa maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake: wazazi walikutanaje, mama alikulia wapi, jina lako lilitoka wapi. Watoto waliojua mengi walielekea kujithamini zaidi. Hilo halimaanishi umkaririshe majibu 20 kama jedwali la kuzidisha. Duke mwenyewe husisitiza kwamba uzito uko katika vile vikao ambamo mambo hayo husimuliwa.

Anza na jina, kwa maana majina ya kwetu ni hadithi zilizokunjwa. Achieng' alizaliwa jua likiwaka, Atieno usiku. Nafula alikuja na msimu wa mvua. Kwa Agikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na hivyo binti yangu ana jina la mama yangu mzazi, ndiyo sababu namwita "mama", na ndiyo sababu shosho akija hupenda kumwambia, "Njoo, mimi mdogo." Msimulie aliyebeba jina hilo kabla yake alikuwa mtu wa aina gani, pamoja na ukaidi wake.

Kisha makosa yako. Niliwasimulia nilivyopotea Nairobi siku yangu ya kwanza, nikitafuta gari la kurudi nyumbani huku nimepita mbele yake mara tatu kwa kuona haya kuuliza. Wameiomba hiyo mara nyingi kuliko ya Pendo. Binti yangu ndiye aliyesema, "Baba, na wewe sauti yako ilikuwa kwa mwewe."

Mkikumbuka pamoja mambo mliyoyapitia, usimfanyie mtihani. "Tulienda wapi Desemba? Hukumbuki?" hufunga mdomo. Anzisha wewe: "Ile siku basi liliharibika njiani kwenda kwa shosho, mimi nakumbuka vumbi. Wewe?" Akikumbuka kuku aliyekuwa chini ya kiti, mfuate kuku.

Magomvi ya watu wazima, nani alimdhulumu nani shamba, yaache. Yatamfikia tu.

Hatua ya sita: mambo mazito

Kwa uongo, utafiti mwingine wa Toronto, wa 2014 chini ya mwanasaikolojia Kang Lee, uliwahusu watoto wa miaka 3 hadi 7. Hadithi ambazo mwongo anapata mabaya hazikupunguza uongo. Iliyosaidia ni ile ambayo mtoto anakiri kosa na kusifiwa kwa kusema kweli. Pendo alipodanganya kuhusu sukari, hakuliwa na zimwi. Alirudi jikoni akasema, na mama yake akamwambia, "Hilo lilikuwa gumu kulisema." Basi.

Woga wa kuhama nyumba, shule mpya, mtoto mchanga anayekuja: Pendo apitie kwanza, wiki moja au mbili kabla. Kwa msiba, kinyume chake. Mwambie mtoto ukweli kwa maneno ya wazi, usiseme "amelala", maana kesho ataogopa kulala. Hadithi ifuate baadaye, akiitaka mwenyewe.

Na usitumie hadithi kuahidi vitisho vya mchana. Mtoto anayeambiwa kila usiku kwamba askari atamkamata, siku akipotea sokoni atamkimbia askari.

Mara chache, katika ile nafasi uliyomwachia, mtoto ataweka jambo linalokushtua: mtu mzima anayemshika, anayemtisha, siri aliyoambiwa asiseme. Hapo hadithi imekwisha. Usimrukie kwa maswali, usimpe maneno, msikilize tu na umwambie amefanya vyema kusema. Namba 116 ya Childline Kenya, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo.

Hatua ya saba: kuhifadhi

Daftari la kurasa 48 linatosha. Wewe andika mistari michache, mtoto achore. Tarehe juu. Letu la kwanza lina doa la chai kwenye mwewe.

Kuna programu za simu zinazotunga hadithi ukiandika jina la mtoto na kuweka picha yake. Nilijaribu moja. Ilimfanya binti yangu malkia wa msitu wenye theluji. Aliuliza theluji ni nini, akarudi kwa Pendo. Ukizitumia, usiweke uso, jina kamili wala shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na idhini hiyo ndiyo ile unayobonyeza bila kusoma. Vilevile, hadithi ya mtoto kukojoa kitandani isiende kwenye kikundi cha wazazi wa darasa, hata kama inachekesha. Inachekesha kwako.

Siku umechoka kabisa

Zipo, nyingi. Kwa siku hizo tuna hadithi ya sentensi tatu, na sheria ni kwamba hakuna kuongeza ya nne. Ya juzi, niliyoisema nikiwa bado nimevaa viatu: Pendo alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Akamkuta mtu ameketi kwenye ngazi ya mwisho, amechoka, ameshika viatu mkononi. Akamwambia, "Sogea kidogo, kwetu ni juu."

"Huyo ni wewe," akasema mdogo, akavuta blanketi.